Una Uhakika Atarudi?

— Unakwenda kufanya nini?

— Kuona theluji.

Afisa wa viza akanyanyua macho kutoka kwenye kompyuta. Alikuwa mwanamume wa makamo, miwani imemning'inia puani, na tangu asubuhi alikuwa ameshasikia habari za harusi za mabinamu, makongamano na wagonjwa wa kutembelewa. Ya theluji ilikuwa haijamfikia.

— Theluji tu?

— Theluji tu. Na treni inayopanda mlimani. Nitapanda, nitashuka, nitaishika theluji kwa mkono wangu, nitarudi.

— Kazi yako?

— Napamba keki. Za harusi hasa. Miaka yote hii nanyunyiza sukari ya unga juu ya keki, nawaambia wateja hii ndiyo theluji. Nimechoka kuwadanganya watu.

Afisa nusura acheke, akajizuia. Kazi yake haikuwa ya kucheka.

— Una ndugu kule?

— Sina.

— Rafiki?

— Sina.

— Umeolewa?

— Nina mchumba.

— Mtoto?

— Bado.

— Sasa dada yangu, huna mume, huna mtoto, huna nyumba kwa jina lako. Niambie wewe mwenyewe, ni nini kitakurudisha?

Wakala wa safari alikuwa amemfundisha jibu la swali hilo. Alimwambia ataje kazi, ataje mali, na mambo yakiwa magumu aseme ana mama mgonjwa. Lakini mama yake alikuwa mzima kama chuma, juzi tu alihamisha kabati peke yake. Kumsingizia ugonjwa kwa sababu ya viza aliona ni kumchuria.

— Nitarudi kwa sababu kwetu ni hapa, alisema. — Mtu akienda kutembea si anarudi?

Afisa akabonyeza kompyuta yake kwa muda mrefu kuliko jibu lenyewe.

— Tutampigia mwajiri wako kuthibitisha maelezo. Kisha utajulishwa.

Huyo ndiye Fundi. Pale bekari kila mtu alimwita hivyo, kuanzia wapakua unga hadi maharusi, na mchumba wake pia, hata wakiwa wawili tu. Mchumba mwenyewe alifanya kazi palepale bekari, na jina lake lilikuwa Bosi Mdogo. Aliitwa Mdogo kwa sababu Bosi Mkubwa alikuwepo, yu hai, ana nguvu zake, na ameketi kaunta: mama yake mzazi. Mama huyo aliianzisha bekari kwa tanuri la kuazima na mikono yake miwili, na mpaka leo funguo, simu ya mezani na neno la mwisho vilikaa upande wake.

Fundi aliporudi kutoka ubalozini, mama alikuwa akimfungia mteja mikate.

— Haya, wamekuuliza nini?

— Wameniuliza nini kitanirudisha, mama.

— Wana akili hao. Hata mimi nauliza.

— Mama! Bosi Mdogo alitokeza kichwa kutoka kwenye matanuri.

— Mama nini? Siulizi kwa siri. Binti, nakupenda, unajua. Lakini hili la kwenda kutembea tu halinishuki. Watu huenda kusoma. Huenda kutibiwa. Huenda kutafuta. Kutembea tu ndiyo kwenda wapi?

— Kutembea tu ni kwenda na kurudi, mama.

— Na baba yake huyu aliniambia hivyohivyo. Wiki tatu, alisema. Huyu alikuwa darasa la pili. Wiki tatu hazijaisha mpaka leo, na mtoto ana ndevu.

Mteja akachukua mikate yake, akaondoka haraka. Si kila mazungumzo mtu anapaswa kuyasikia kwa sababu tu amenunua mkate.

Fundi akamfuata Bosi Mdogo nyuma, kwenye joto la matanuri. Alimkuta akipanga trei ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

— Na wewe?

— Mimi nini?

— Unaniamini?

— Nakuamini bwana! Mbona unanihoji kama afisa?

Alisema hivyo akiziangalia trei. Fundi aliliona hilo, akalipuuza. Mtu ukimpenda, kuna mambo unayaona na unayapitisha tu, ukitumaini hayakuwa na maana.

Pasipoti ilirudi wiki iliyofuata. Dada wa dirishani alimsukumia bahasha chini ya kioo, na kabla Fundi hajaifungua akaliona jibu usoni mwake.

— Pole, dada.

— Wamenikatalia?

— Hawajaridhika kwamba utarudi.

— Lakini nimeleta kila kitu! Tiketi ya kurudi, hoteli, likizo, kila kitu!

Dada wa dirishani akatazama kulia, akatazama kushoto, akainamia kile kitundu cha kuongelea.

— Mimi sijakwambia kitu, sawa? Afisa alipiga simu kazini kwenu mimi nikiwa palepale. Aliuliza kama utarudi, akauliza tena. Alivyokata simu akatikisa kichwa, akasema, "Hata kwao hawana uhakika naye." Sasa hayo kaulize huko kwenu. Anayefuata!

Fundi hakupanda gari. Alitembea kwa miguu njia nzima, na kila hatua damu ilizidi kumchemka. Kazini kwao. Simu ya mezani. Simu ile ilikaa kaunta, sentimita chache kutoka kwenye kiwiko cha Bosi Mkubwa. Kulikuwa na nini cha kutafuta tena?

Alipoingia bekari, hapakuwa na mteja.

— Mama, kama hukutaka niende, si ungeniambia?

— Nimekuambia. Mara ngapi?

— Sasa kwa nini uliwaambia ubalozini kwamba sitarudi?

Mama alikuwa akifuta kioo cha kabati la keki. Akaacha kufuta.

— Nani?

— Wewe, mama! Simu iko chini ya mkono wako kutwa! Wamepiga, umejibu, na mimi nimenyimwa!

Mfanyakazi mmoja aliyekuwa anataka kupita na gunia akageuka na gunia lake.

— Nisikilize, binti, mama alisema taratibu, na utaratibu huo ulitisha kuliko kelele. — Nimekupinga. Na kesho nitakupinga tena, Mungu akinipa uzima. Lakini nimekupinga usoni pako. Mgongoni kwako sijatoa neno, si kwa ubalozi, si kwa jirani. Simu ilipigwa, ndiyo. Niliposikia ni mambo ya likizo yako nikampa aliyekuandikia likizo.

Akageukia mlango wa matanuri na kuita kwa sauti ileile aliyokuwa akimwitia zamani kutoka kwenye mpira:

— Wewe! Njoo huku!

Bosi Mdogo akatoka, unga mpaka kwenye nyusi. Akamwona Fundi. Akaiona bahasha. Akasimama.

— Mwambie mwenzako ulisema nini kwenye simu.

— Mama...

— Usiniite mimi. Mimi nimeshasingiziwa, imetosha. Mwambie.

Bosi Mdogo akajifuta unga kwenye nyusi.

— Waliuliza kama ni mfanyakazi wetu. Nikasema ndiyo. Wakauliza kama tumempa likizo. Nikasema ndiyo. Wakauliza utendaji wake, nikasema hakuna kama yeye.

— Halafu? Fundi aliuliza.

— Halafu akasema, "Una uhakika atarudi?"

— Ukasema nini?

— Nikanyamaza kwanza.

— Ukanyamaza.

— Akadhani simu imekatika. Akauliza tena.

— Ukasema nini?

— Nikasema siwezi kumsemea mtu mwingine.

Fundi alikuwa amejiandaa kugombana na mama mkwe, maneno yote alishayapanga njiani. Kwa huyu hakuwa amejiandaa na neno hata moja, ndiyo maana yaliyotoka yalikuwa ya kweli.

— Yule afisa hanijui. Ameniona mara moja, nyuma ya kioo. Ana haki ya kunitilia shaka, ndiyo kazi anayolipwa. Wewe? Wewe unanijua mpaka ninavyokasirika nikiwa na njaa. Unajua ninapoficha funguo. Wewe ndiye wa kusema huwezi kunisemea?

— Niliogopa.

— Ungeniambia mimi kwamba unaogopa. Badala yake umemwambia mtu baki kwenye simu.

— Ningekuambia, ungeacha kwenda?

— Nisingeacha. Ningekushika mkono, tukaliongea mpaka likaisha, halafu ningekwenda.

Fundi akavua aproni, akaikunja vizuri, maana hasira haikumzuia kukunja kitu, akaiweka kaunta na kutoka. Mlangoni akageuka.

— Mama, nisamehe. Nimekukosea heshima.

— Umenikosea, ndiyo, mama alijibu. — Nenda kapumzike.

Jioni ile simu ya Fundi ilitetemeka kwenye meza ya mama yake mzazi.

"Umefika?"

Hakujibu.

"Nisamehe. Sikulenga kukuharibia."

Hapo akajibu: "Ulilenga nini?"

Kwenye kioo cha simu akaona Bosi Mdogo anaandika. Akaacha. Akaandika tena. Akaacha. Mwishowe neno moja likaingia:

"Usiende."

Fundi akalitazama neno lile mpaka macho yakamwuma. Kisha akaandika: "Hilo ndilo neno la kwanza la kweli umeniambia tangu nianze kuhangaikia viza. Asante. Lakini nitaomba tena."

Mama yake, aliyekuwa akijifanya anatazama taarifa ya habari, akauliza:

— Amesemaje?

— Hataki niende.

— Na wewe unampenda?

— Nampenda, mama. Ndilo linaloniuma. Kama nisingempenda ningelala usingizi saa hizi.

Bibi harusi wa mwisho wa wiki hakuwa na kosa lolote, kwa hiyo Fundi alirudi kazini. Alipamba keki yake ya ghorofa tatu, na kwa siku kadhaa yeye na Bosi Mdogo waliongea lugha ya bekari peke yake.

— Krimu imebaki kidogo.

— Nitaagiza.

— Tanuri la pili linaunguza upande.

— Nitamwita fundi umeme.

Ukiwasikia ungesema wameajiriwa jana. Wafanyakazi wengine walianza kutembea kwa vidole, na kijana wa kupeleka mikate aliacha kabisa kuimba.

Aliyechoka kwanza ni Bosi Mkubwa. Siku moja baada ya kufunga aliwaketisha wote wawili kwenye chumba cha kupambia.

— Nimepata dawa, alisema. — Fungeni ndoa mwezi huu. Fundi akaombe viza akiwa mke wa mtu. Ubalozi watalainika, huyu atatulia, na mimi nitalala. Mke wa mtu anarudi.

Uso wa Bosi Mdogo ukang'aa kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

— Hata mimi nilikuwa nalifikiria hilo! Si tulikuwa tunaoana tu? Tunasogeza mbele kidogo.

Fundi alikuwa na mfuko wa krimu mkononi. Akauweka chini.

— Hapana.

— Hapana nini?

— Sifungi ndoa kwa ajili ya viza.

— Kwa hiyo hutaki kuolewa na mimi?

— Nataka. Nataka mno, na hata mama anajua ninavyotaka. Ndiyo maana nasema hapana. Nikiolewa leo, nikaenda, nikarudi, wewe utajua nini? Utajua cheti ndicho kilichonirudisha. Halafu maisha yetu yote nikichelewa dukani utakwenda kuangalia kama cheti bado kipo. Mimi si mbuzi, nifungwe kamba ndipo nisipotee. Nitakwenda sijaolewa. Nitarudi sijaolewa. Hapo utakuwa umemjua mtu unayemuoa.

Mama akamtazama msichana huyu kama mtu anayepima unga kwa macho.

— Na wakikunyima tena?

— Nitaomba mara ya tatu.

— Watapiga simu tena, Bosi Mdogo alidakia. — Safari hii nitasema ndiyo. Nitaapa kama wanataka!

— Usiape. Wala usiniombee viza kwa uongo. Wakikuuliza, sema unachoamini. Kama bado huamini, waambie huamini, na mimi nitajua nasimama wapi na wewe.

Alisema bila ukali, akachukua mkoba wake, akawaaga wote wawili kwa heshima. Msomaji wangu, huyu mwanamke alikuwa ameweka safari yake na uchumba wake juu ya jibu moja la simu, na jibu hilo akamwachia mtu aliyekwisha kulikosea. Mimi nisingeweza. Ningemwapisha mtu mchana kweupe.

Mama na mwana wakabaki. Bosi Mdogo alikaa kwenye ndoo ya siagi iliyogeuzwa.

— Mama. Baba alipoondoka, ulijua kwamba harudi?

Kwa kawaida swali hilo lilikuwa na jibu lake, jibu la ndege na wiki tatu, la kuchekesha wateja. Jioni ile mama hakulitoa.

— Nilijua kabla hajapata hata pasipoti.

— Ulijuaje?

— Alikuwa ameacha kuongea. Mwaka mzima. Anaingia, anakula, anageukia ukutani. Namwuliza una nini, anasema sina kitu. Mtu anaweza kuondoka huku bado analala kitandani kwako, mwanangu. Ndege ilikuja kumalizia tu.

— Mbona siku zote unasema ndege ndiyo ilimchukua?

— Kwa sababu ndege hainijibu. Ningesema ukweli, ungeniuliza na mimi nilikuwa wapi mwaka huo mzima. Nilikuwa hapa, nauza mikate. Na mimi niligeukia ukuta wangu.

Bosi Mdogo hakujua aangalie wapi. Katika maisha yake alimwona mama yake akilia mara mbili, na zote mbili ilikuwa kwa sababu ya vitunguu.

— Na Fundi? aliuliza.

— Huyo? Huyo tangu ashikwe na theluji yake ametueleza kila kitu. Treni ya saa ngapi, hoteli ya ghorofa ngapi. Ameniletea mpaka soksi alizonunua, nizishike nione uzito wake. Mtu anayekukimbia hakuonyeshi soksi.

Akainuka, akaanza kuzima taa, moja baada ya nyingine. Kwenye ya mwisho akasimama.

— Hebu niambie, humu ndani ni nani aliyekuwa akiulizwa ana nini, akasema hana kitu, huku anapanga trei?

Hakusubiri jibu. Alikwenda kutafuta funguo zake, na Bosi Mdogo akabaki amekaa kwenye ndoo yake. Miaka yote alikuwa akiogopa kuachwa kama mama yake. Haikuwahi kumpitia kwamba yeye ndiye aliyefanana na baba.

Fundi aliomba viza tena, na simu ya ubalozi ikaja siku ya pilikapilika, watu wamejaa mpaka mlangoni. Mama akapokea, akasikiliza, akamnyooshea mwanawe mkono wa simu bila kusema neno. Fundi alikuwa chumba cha kupambia, mlango wazi. Mfuko wa krimu ukasimama hewani.

— Ndiyo, mimi ndiye, Bosi Mdogo alisema. — Ndiyo, ni mfanyakazi wetu... Ndiyo, likizo amepewa tena.

Sauti ya upande wa pili ilikuwa ileile ya mara ya kwanza.

— Bwana, mara iliyopita nilikuuliza swali, ukasema huwezi kumsemea mtu. Nakuuliza tena. Una uhakika atarudi?

Bosi Mdogo akahamishia simu sikio la pili.

— Sina.

Kwenye chumba cha kupambia Fundi akafumba macho.

— Uhakika sina, mzee wangu, aliendelea, na sasa alikuwa hajali foleni inasikia au haisikii. — Wewe mkeo akitoka kwenda kazini asubuhi, una uhakika? Hakuna mtu mwenye uhakika na mtu. Ila namwamini. Akisema anakwenda kuona theluji, anakwenda kuona theluji. Akisema anarudi, anarudi. Siku ile sikukwambia hivyo kwa sababu nilikuwa na hofu zangu, na hofu zangu hazimhusu yeye. Yeye ni mchumba wangu. Nitamngoja.

Kisha afisa akakohoa.

— Bwana, maelezo mazuri. Lakini hapa mimi nina visanduku viwili tu, ndiyo na hapana. Cha imani sina.

— Basi weka ndiyo.

— Niweke ndiyo?

— Weka ndiyo, mzee!

Foleni nzima ikapiga makofi, ingawa nusu yao walidhani ni oda kubwa ya keki imepatikana. Bosi Mdogo akarudisha simu, akageuka. Fundi alikuwa amesimama mlangoni, krimu inamdondokea kiatuni.

— Ungesema tu ndiyo, ingekuwa rahisi, alimwambia.

— Uliniambia niseme ninachoamini.

— Nilikuambia. Macho yake yalikuwa yamejaa. — Nilipata woga, uliposema "sina".

— Pole.

— Usinipe pole. Nimependa yaliyofuata.

Viza ilitoka. Siku ya safari Fundi alimruhusu Bosi Mdogo amsindikize uwanjani mpaka mlango wa abiria, hatua moja zaidi hakumruhusu.

— Siku ya kurudi usije kunipokea, alisema.

— Kwa nini jamani?

— Nataka nije mwenyewe. Kwa miguu yangu, bila mtu kunisubiri getini. Wewe kaa bekari, oka mikate.

Kule alikokwenda alimtumia picha: yeye na koti kubwa, kiganja kimejaa kitu cheupe, uso umejikunja kwa baridi na furaha. Chini yake aliandika: "Nimeishika! Ni nyepesi kuliko nilivyodhani. Nimeionja, haina ladha yoyote. Nimecheka peke yangu mpaka watu wakanitazama."

Bosi Mdogo akajibu: "Vaa soksi mbili." Kisha, baada ya kufikiri: "Nimekukumbuka. Naogopa kidogo. Nakuambia tu ujue."

"Asante kwa kuniambia," Fundi aliandika. "Na mimi nimekukumbuka."

Siku ya kurudi, ndege ilitua asubuhi. Bosi Mdogo aliliona hilo kwenye simu yake, akawatangazia watu wote waliokuwa na unga mikononi. Saa nne Fundi hakutokea. Saa sita hakutokea. Akapiga simu, ikasema mteja hapatikani. Mama naye alikuwa akirudisha watu chenji mara mbilimbili.

— Labda foleni barabarani, mama alisema.

— Labda.

— Au mizigo imechelewa.

— Labda, mama.

Hofu ilimrudia, tena ile ya zamani, ya mtoto wa darasa la pili dirishani. Sitaki kudanganya kwamba ilikuwa imekwisha. Alichukua funguo za gari ili aende uwanjani, akakumbuka alichoambiwa, akazirudisha. Akatia trei ya mchana kwenye tanuri.

Saa nane akaingia dada mmoja na mama yake, wamekumbatia jarida la harusi.

— Tunataka keki ya ghorofa nne. Ya Jumamosi ya wiki ijayo. Lakini tumesikia fundi wenu amesafiri nje. Yupo?

Bekari nzima haikuwa na mwingine wa kuweza ghorofa nne. Mama akamtazama mwanawe kutoka kaunta, kalamu mkononi, hajaiandika oda. Kuipokea na kuikosa ilikuwa aibu ambayo mtaa ungeizungumza mwaka mzima.

— Atakuwepo, Bosi Mdogo alisema. — Mama, iandike.

Mama akaandika.

Wateja wale walipotoka, mlangoni walipishana na mwanamke aliyekuwa akiburuta sanduku lenye gurudumu moja bovu. Alikuwa amechoka, nywele zimelala upande mmoja, midomo imepasuka kwa baridi ya nchi za watu.

Bosi Mdogo alikuwa na trei ya moto mikononi, na hakukumbuka kuiweka chini mpaka ilipomchoma.

— Umechelewa, alisema. Ndilo pekee lililotoka.

— Simu iliisha chaji. Na nilipitia kwa mama yangu kwanza.

— Hajambo?

— Hajambo. Nilikuwa na neno la kumwambia, nikaona nisilitie kwenye simu. Fundi akaegemea sanduku lake. — Sasa anauliza mnakuja lini.

— Tunakuja? Kufanya nini?

Fundi akamtazama tu, anasubiri. Bosi Mdogo akatazama sanduku, akatazama mkono wake ulioungua, akamtazama tena Fundi, na bado hakuelewa.

— Nimezaa nini mimi! Mama alipiga kelele kutoka kaunta, huku tayari anavua aproni. — Mtoto wa watu amerudi kwa hiari yake, anakwambia kwao wako tayari twende kupanga harusi, wewe unauliza kufanya nini? Mwambie Jumamosi hii!

— Jumamosi, Bosi Mdogo alisema, na sauti haikutoka vizuri, ikabidi aseme tena. — Mwambie mama Jumamosi.